Mota ya umeme botini: tazama maji kwanza, ratili baadaye

Mota ya umeme ya boti ya uvuvi ilipewa na Wazungu jina la mota ya kurambaza, na jina hilo limewaponza wengi. Mvuvi wa Watamu au Shimoni anayerambazia nguru na jodari kwa chambo bandia huenda kilomita 11 hadi 15 kwa saa. Mota hii, hata ukinunua kubwa, kwa kawaida haivuki kilomita 8. Namjua mtu aliyeuza mashine yake ndogo ya petroli ili anunue ya umeme, na wiki mbili baadaye akawa anamfuata mnunuzi akimwuliza kama angekubali kumrudishia.

Kosa halikuwa la mota. Kazi yake hasa ni ile ambayo wazee waliifanya kwa upondo: kusogeza chombo polepole kwenye maji machache bila kuwashtua samaki, au kukishikilia mahali pamoja mwamba unapoishia na kina kinapoanza. Pia inarambaza vizuri pale mwendo mdogo unapotosha, kama kuvuta chambo hai baharini au kumtafuta sangara ziwani kwa kilomita 4 au 5 kwa saa. Ya petroli inakupeleka na kukurudisha. Ya umeme inavua nawe. Kwa boti inayotoka nje ya mwamba, ninachukulia kwamba zote mbili zipo.

Sasa, maji. Kifaa hiki kilizaliwa mbali sana na bahari. Mwaka 1934, huko Fargo, North Dakota, O.G. Schmidt alitengeneza mota ya umeme yenye gia kwa ajili ya wavuvi wa maziwa na mito ya Marekani ya kati. Kampuni yake aliiita Minn Kota, akiunganisha majina ya Minnesota na North Dakota, majimbo mawili yanayotenganishwa na mto unaopita mjini hapo. Hakuna chumvi katika hadithi hiyo, na hadi leo mota nyingi za bei nafuu zinazouzwa duniani ni za maji baridi. Za baharini ni toleo la pembeni, mara nyingi zimepakwa rangi nyeupe, na bei yake iko juu. Mteja anaona mota mbili zenye nguvu ileile, moja nyeusi na moja nyeupe, anachukua ya rahisi. Hapo ndipo pesa inapozama.

Chumvi yenyewe si sumu ya chuma kama watu wanavyodhani. Kinachoua ni umeme unaopita majini. Maji ya bahari hupitisha umeme takriban mara 500 kuliko maji ya Ziwa Victoria. Ukizamisha humo metali mbili tofauti zinazogusana, tuseme mwili wa alumini na shafti ya chuma cha pua, umetengeneza betri bila kukusudia, na ile metali dhaifu ndiyo inayoliwa. Ndiyo maana mota ya baharini hufungwa kipande cha kafara, metali laini zaidi inayojitoa iliwe badala ya mwili. Kipande hicho kina sheria yake ambayo hata mafundi wengine hawaijui. Baharini ni zinki au alumini. Ukiipeleka zinki ziwani hujifunika ukoko na kuacha kazi; maji baridi yanataka magnesi. Magnesi nayo ukiiingiza baharini huyeyuka upesi kama sukari kwenye chai. Anayevua kwenye mdomo wa mto, kama deltani Rufiji ambako maji hubadilika na kupwa na kujaa, achague alumini, ambayo huvumilia kote kuwili. Na kisipakwe rangi, tafadhali. Nimeona kipande cha kafara kimepakwa rangi ya buluu kulingana na boti, kinang'aa, na mwili wa mota pembeni yake umetoboka.

Neno “ziwa” pia lisikulaze. Maji ya Turkana yana magadi na chumvi kiasi cha kupitisha umeme zaidi ya mara 30 ya yale ya Victoria. Mota ya kule ningeichagua kama ya pwani.

Tukija kwenye nguvu, dukani utaambiwa ratili, au paundi kama wenye maduka wanavyosema: 30, 55, 80, 112. Hizo ni ratili za msukumo, si za mwendo. Chukua hamali wawili wa mkokoteni, mmoja mwembamba na mwingine pande la mtu. Yule mkubwa atavuta gunia nyingi zaidi, lakini hatakimbia mara mbili ya mwenzake. Kanuni ya kukadiria inayotumiwa sana ni ratili 2 za msukumo kwa kila kilo 45 za uzito. Uzito huo ni wa boti ikiwa na watu, mafuta, barafu na samaki, wala si ule ulioandikwa kwenye karatasi ya muuzaji. Boti ya faiba yenye kilo 900 ikishapakiwa inahitaji ratili 40.

Kwa ziwa lililotulia, 40 zinatosha. Mimi sihesabu kwa ziwa lililotulia. Nahesabu kwa saa mbaya kuliko zote ambazo mvuvi atakutana nazo: bamvua, maji yanatoka kwa kishindo mlangoni mwa mwamba, upepo wa kusi umekaza. Mkondo wa pwani yetu unaokwenda kaskazini huweza kufika kilomita 7 kwa saa msimu huo, na hakuna mota ya aina hii itakayoushinda. Unachoweza kupata ni akiba ya kupambana na mikondo ya kawaida, kwa hiyo baharini naongeza nusu. Arobaini inakuwa 60, na hapo umevuka mpaka: mota nyingi za volti 12 huishia kwenye ratili 55. Unaingia kwenye volti 24, betri mbili badala ya moja, na ratili 80.

Hilo si hasara tupu. Mota ya ratili 55 ikifunguliwa mwisho hunywa karibu ampea 50. Ile ya 80 kwa volti 24 hunywa ampea zinazokaribiana na hizo huku ikitoa kazi kubwa zaidi. Waya hupata joto kulingana na ampea, si volti.

Betri ndiyo sehemu inayokula pesa, na ndiyo inayonunuliwa kwa haraka kuliko zote. Betri ya gari haifai. Imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, na ukiikausha mara kadhaa inakufa. Betri ya risasi ya kutumika kwa muda mrefu, jamaa ya zile za sola, inafaa, mradi usiitumie zaidi ya nusu. Kwa hiyo ile iliyoandikwa ampea-saa 100 ina 50 zako, na kwa mwendo wa mwisho haimalizi hata saa moja, kwa sababu betri za risasi hutoa kidogo zaidi zikiharakishwa. Ya lithiamu yenye fosfati ya chuma ina kilo 12 hivi, wakati ya risasi inakaribia 30, na karibu yote inatumika. Bei yake inauma siku ya kwanza tu. Tena ya risasi iliyo wazi ina balaa lake baharini: wimbi likiingiza maji ya chumvi ndani ya asidi, hutoka gesi ya klorini, na kwenye boti hakuna mahali pa kukimbilia.

Jambo moja linalofurahisha katika hesabu hizi ni kwamba ukipunguza mwendo hadi nusu, nguvu inayohitajika hushuka hadi karibu moja ya nane. Betri inayokata kwa dakika 40 ukikimbia inaweza kukuvusha asubuhi nzima ukienda taratibu, ila mota iwe na kidhibiti cha kielektroniki. Zile za hatua 5 za zamani huupoteza umeme mwingi kama joto ukiwa katika mwendo mdogo.

Omo au tezi? Mtumbwi na boti fupi, tezi. Boti iliyoinuka juu ya maji na kushikwa sana na upepo, omo, kwa sababu chombo kinachovutwa hufuata, kinachosukumwa huyumba. Mota za omo zinazoongozwa kwa setilaiti hushikilia boti mahali pake bila nanga, jambo ambalo matumbawe yatalishukuru. Pima urefu wa shafti kutoka inapofungwa mota hadi usawa wa maji, uongeze nusu mita na kidogo cha mawimbi. Panga likichomoka majini kila wimbi likipita, umeme unakwenda bure. Kwenye ghuba ya Winam, ambako gugu maji hufunga njia, tafuta panga la mabawa mawili yaliyopinda nyuma.

Kwenye waya usibane pesa. Betri ikiwa mita 5 kutoka kwenye mota, waya ya milimita 6 za mraba itakula volti 1.5 kati ya 12 zako ukifungua mwisho. Ya milimita 16 hula karibu nusu volti tu. Karibu na betri weka kikata umeme cha ampea 60.

Kabla hujatoka dukani, omba mambo mawili: vipande vya kafara vya akiba, na pini za panga za akiba. Pini hukatika panga likigonga mwamba ili gia isivunjike, na mvuvi akiikosa huchomeka msumari. Msumari haukatiki. Na kila unaporudi, baada ya kuosha mota kwa maji baridi, fungua nati ya panga utazame nyuma yake: mara nyingi utakuta uzi wa mshipi umejizungusha pale, ukisaga mpira unaozuia maji, nao hausikiki kabisa hadi mota ijae maji.