Kabla Hujachimba Kisima Karibu na Marudio, Pima Maji Kwanza

Wengi mnaniuliza kuhusu mashamba ya kukodi Chunya kwa ajili ya nyanya na vitunguu. Swali langu la kwanza huwa moja tu: maji ya kumwagilia yatatoka wapi?

Chunya dhahabu inachimbwa tangu miaka ya 1920. Hata Nyakavangala kule Iringa wachimbaji wadogo wapo. Mawe yakishasagwa na dhahabu kutolewa, mabaki hulundikwa au huwekwa kwenye mabwawa. Wenyewe wanayaita marudio. Humo kuna zebaki, na sayanaidi pia kama yamechenjuliwa upya kwenye matenki. Mawe yenye salfa yakikutana na hewa na mvua hutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha risasi na aseniki. Kama chini hakuna plastiki nzito wala mfinyanzi ulioshindiliwa, mchanganyiko huo hushuka taratibu hadi kwenye maji ya ardhini.

Ubaya ni kwamba maji hayo yanaweza kuwa meupe kabisa, bila harufu. Na kuchemsha hakuondoi aseniki. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 0.01 kwa lita ya maji ya kunywa; jicho haliwezi kuona hiyo.

Fanya hivi:

1. Angalia mteremko. Maji ya ardhini mara nyingi hufuata mteremko wa ardhi, hivyo shamba lililo chini ya rundo ndilo lenye hatari zaidi.

2. Linganisha visima viwili, kimoja juu ya rundo na kingine chini yake. Cha chini kikiwa na pH ndogo na salfeti nyingi kuliko cha juu, kuna uwezekano mkubwa marudio yanavuja.

3. Pampu kwanza maji yaliyolala kisimani yatoke, ndipo ujaze chupa ulizopewa na maabara. Omba wapime pH, salfeti, sayanaidi, zebaki, risasi na aseniki.

4. Rudia kipimo kiangazi na wakati wa mvua.

Majibu ya kwanza yatunze vizuri. Bila hayo, siku maji yakiharibika utaonyesha nini NEMC au bodi ya bonde? Mbeya, Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Rukwa ipo mjini. Iringa kuna ya Bonde la Rufiji. Kibali cha kuchimba kisima nacho unakipata hukohuko, kwa hiyo anzia hapo kabla hujalipa kodi ya shamba.

Kisima kikishachimbwa hakihamishiki. Usikurupuke.