Kuchagua Kitalu Nyumba Kilicho Imara



Miongoni mwa maombi yanayoletwa siku hizi mbele ya mikutano mikuu ya vyama vya msingi ni lile la kununua kitalu nyumba, yaani banda la plastiki la kuoteshea mimea. Ombi hili lina sababu zake. Vihamba vimegawanywa kwa warithi kizazi baada ya kizazi, na sehemu anayobaki nayo mwanachama ni ndogo. Mwenye eneo dogo hana budi kutafuta mazao mengi zaidi katika kila hatua ya ardhi yake. Lakini kitalu nyumba hununuliwa kwa fedha za wanachama wote, na kikinunuliwa ovyo plastiki yake huweza kupasuka kabla ya deni kulipwa. Makala haya yanaeleza mambo yanayopasa kuangaliwa kabla chama hakijatoa fedha.

1. Kazi ya kitalu

Swali la kwanza ni hili: kitalu kitafanya kazi gani? Mimea haina haja moja. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), iliyoanza kazi mwaka 2001 na yenye makao yake Lyamungo, imetoa aina za kahawa zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Baadhi ya miche hiyo huzalishwa kwa vikonyo ili irithi sifa zote za mti mama. Kikonyo hakina mizizi. Kikipigwa na jua na upepo, majani yake hupoteza maji na kikonyo hufa. Kwa hiyo vikonyo huwekwa ndani ya sanduku lililofunikwa plastiki nyeupe ing'aayo, chini ya kivuli, ili hewa ya ndani ibaki na unyevu. Kazi hiyo haihitaji jumba kubwa la gharama.

Nyanya na pilipili hoho ni kinyume chake. Hizo zinataka mwanga mwingi na hewa inayopita. Joto likizidi mno, maua ya nyanya hupukutika bila kufunga matunda, na unyevu ukikwama ndani, ukungu hushambulia majani. Chama kikinunua banda la nyanya kwa ajili ya vikonyo, au sanduku la vikonyo kwa ajili ya nyanya, kitapata hasara hata kama vifaa vyenyewe ni bora.

2. Mahali

Kadiri tunavyopanda mlima ndivyo baridi inavyoongezeka. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000. Banda linalofaa katika vijiji vya juu huweza kuwa tanuri huko tambarare, chini ya mji wa Moshi. Vyama vya tambarare na vifikirie kwanza nyumba ya wavu, ambayo hupunguza jua na kuzuia wadudu bila kufungia joto ndani.

Katika miteremko, kiwanja kisawazishwe na mtaro wa kukinga maji uchimbwe upande wa juu kabla ya mvua za masika. Banda lisijengwe chini ya migrivea wala karibu na migomba mirefu: kivuli hupunguza mwanga, na matawi yaangukayo hutoboa paa.

3. Nguzo

Nguzo za mabomba ya chuma yaliyochovywa katika zinki hudumu kuliko za mbao, lakini bei yake ni kubwa. Bomba lililopakwa rangi ya fedha tu si sawa na lililochovywa. Likwangueni kidogo kwa kisu na kutazama ncha zilizokatwa. Kutu ikianza kuonekana chini ya rangi, mmekwisha kujua habari zake. Nguzo za mkaratusi zafaa iwapo zimekauka na kutiwa dawa ya kuzuia mchwa hasa sehemu inayoingia ardhini.

Nguzo za aina yo yote zisimamishwe katika shimo la kina cha kutosha na kushikwa kwa zege, kwa maana upepo ukiingia ndani ya banda huliinua kutoka chini. Ncha kali za misumari na waya zifunikwe. Mahali plastiki inapogusa chuma papakwe rangi nyeupe au kuzungushiwa utepe, kwa sababu chuma kilichopigwa na jua huchoma plastiki polepole.

4. Plastiki

Hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika. Plastiki ya kawaida, ile ya kufunikia mizigo, hukauka na kuvunjika kwa jua katika muda mfupi. Plastiki ya kitalu nyumba hutiwa dawa ya kuzuia mionzi ya jua wakati wa kutengenezwa kiwandani, na ikitunzwa vema hudumu miaka kadhaa. Kwa macho zote mbili hufanana. Kwa hiyo dai maandishi ya kiwanda yanayotaja dawa hiyo, unene, na muda wa dhamana.

Unene unaotumika sana ni mikroni 200, yaani sehemu ya tano ya milimita. Katibu anaweza kuupima kwa mizani ya chama. Mita moja ya mraba ya plastiki ya unene huo ina uzito wa gramu 184 hivi. Basi gombo la upana wa mita 4 na urefu wa mita 50, ambalo ni mita za mraba 200, lapasa kuwa na uzito wa kilo 37 hivi. Likionyesha kilo 28, mmeuziwa mikroni 150. Yafaa ieleweke kwamba mizani huthibitisha unene tu, haithibitishi dawa. Maandishi ya kiwanda bado yanahitajika.

Plastiki itandazwe siku tulivu, jua likiwa limekwisha kuipasha, na ivutwe mpaka ikaze. Inayopigapiga kwa upepo hupasuka upesi. Dawa za mimea zenye salfa au klorini huifupishia maisha.

5. Hewa, wavu na udongo

Madirisha yawe makubwa, na paa liwe juu ili joto lipate mahali pa kupanda. Wavu wenye matundu 50 katika kila inchi huzuia nzi weupe. Nao kantangaze, aliyeingia nchini mwaka 2014, huzuiwa na wavu usio na tundu pamoja na mlango wa mara mbili. Lakini wavu mwembamba hupunguza hewa, na kwa hiyo dirisha lake lazima lipanuliwe.

Muuzaji akisema banda huondoa magonjwa yote, msimsadiki. Mnyauko wa bakteria hukaa udongoni, na plastiki ya juu haiuzuii. Udongo usiowahi kuugua, mzunguko wa mazao na usafi wa viatu na zana ndiyo kinga.

6. Maji

Ndani ya banda mvua hainyeshi. Chama kisichokuwa na maji ya hakika wakati mfongo umekauka kisinunue banda. Paa likiwekewa mfereji husaidia: banda la mita 8 kwa 15 hufunika mita za mraba 120, na mvua ya milimita 10 huleta juu yake lita 1,200. Tangi la lita 1,000 litajaa kwa mvua moja.

7. Fedha na daftari

Bei ilinganishwe kwa miaka. Tuseme plastiki moja ni shilingi 400,000 na hudumu mwaka 1, na nyingine ni shilingi 900,000 na hudumu miaka 4. Ya kwanza inagharimu shilingi 400,000 kwa mwaka, ya pili shilingi 225,000. Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi.

Uamuzi uandikwe katika muhtasari wa mkutano. Zitafutwe bei za wauzaji watatu wasiohusiana. Kama fedha ni za mkopo, zisivuke ukomo wa madeni ulioidhinishwa. Walioagiza mali wasiwe ndio wanaoipokea. Kamati ya mapokezi ipime unene, ihesabu mabomba na kutia sahihi. Sehemu ya malipo izuiliwe hadi banda lisimame na kukaguliwa. Kisha kitalu kiingizwe katika daftari la mali za kudumu, na kila msimu itengwe akiba ya kununulia plastiki nyingine, maana siku yake ya kuchakaa itafika. Plastiki kuukuu isichomwe wala kutupwa mfongoni.

Mwanachama aliyetoa kahawa yake ili chama kipate fedha ana haki ya kuuliza banda lilinunuliwa kwa nani, kwa bei gani, na litadumu miaka mingapi. Katibu aliyefuata hatua hizi atamjibu kwa kufungua daftari. Asiyezifuata na akumbuke kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Mkaguzi wa Ushirika,
Moshi