Mzee akigeuza uso, utafiti husimama

Kwa miaka mingi, mzee mwenye demensia katika nyumba ya wazee nchini Uingereza akipiga kelele usiku, akimsukuma mhudumu au akizunguka bila kutulia, mara nyingi aliishia kupewa vidonge vilivyotengenezwa kwa ajili ya magonjwa mazito ya akili: haloperidol, risperidone na jamaa zake. Alitulia, na zamu ikaisha salama. Lakini je, vilimfaa yeye mwenyewe, akivimeza mwezi baada ya mwezi? Swali hilo halikuwa na mahali pengine pa kujibiwa ila mle mle alimoishi.

Kuanzia 2001 hadi 2004, timu iliyoongozwa na Clive Ballard iliwaingiza kwenye jaribio wakazi 165 wenye ugonjwa wa Alzheimer, wote wakiwa tayari wanatumia dawa hizo. Kwa kura, nusu waliendelea nazo, na nusu wakapewa vidonge vya kufanana navyo visivyo na dawa ndani. Matokeo ya muda mrefu yalichapishwa 2009. Miezi 12 ilipopita, asilimia 70 ya walioendelea na dawa walikuwa hai, na asilimia 77 ya walioachishwa. Miezi 24: asilimia 46 kwa 71. Miezi 36: asilimia 30 kwa 59.

Watu 165 si wengi, na mtaalamu mwangalifu hajengi sera juu ya jaribio moja. Ila tangu 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikuwa imeanza kutoa onyo kuhusu dawa hizo kwa wazee wenye demensia, na mwaka ule ule wa 2009 ripoti ya Profesa Sube Banerjee kwa serikali ya Uingereza ilikadiria vifo vya ziada 1,800 kila mwaka. Baada ya hapo madaktari wa England walipunguza sana kuziandika.

Familia ikiombwa mama yao ashiriki utafiti, jibu la kwanza huwa: mwacheni apumzike. Nalielewa, na lina historia nyuma yake. Mwaka 1963, katika hospitali moja ya Brooklyn, New York, wagonjwa 22, wengi wao wazee, walidungwa seli hai za saratani bila kuambiwa ni nini. Sheria kali tulizo nazo leo zimezaliwa na maovu ya namna hiyo. Hata hivyo, wale wazee wa Uingereza walikuwa wakijaribiwa hata kabla Ballard hajafika. Dawa walikuwa wanameza kila siku, isipokuwa hakuna aliyekuwa akihesabu nani anapona na nani anakufa. Ndiyo maana siamini kwamba kumweka mzee nje ya utafiti ni kumlinda.

Ulinzi uko kwenye namna anavyoingizwa. England na Wales zina Sheria ya Uwezo wa Akili ya mwaka 2005, na msingi wake wa kwanza ni kwamba kila mtu mzima ahesabiwe kuwa anaweza kuamua mpaka ithibitike vinginevyo. Kusahau jina la mjukuu hakutoshi kumnyang'anya haki hiyo. Mtafiti anapaswa kwanza kumsaidia aelewe: aje asubuhi akili ikiwa bado ina nguvu, televisheni izimwe, miwani ivaliwe, kifaa cha masikio kiwe na betri, maelezo yawe mafupi na ya herufi kubwa. Mengi yanayoitwa kutojiweza huishia hapo.

Ikishindikana kabisa, hutafutwa mtu wa karibu asiyelipwa kwa kumtunza, kama mtoto, mwenzi au rafiki wa kanisani. Haulizwi, "Wewe unataka?" Huulizwa, "Yeye, kwa jinsi unavyomjua, angetaka?" Akisema asingetaka, mzee haingizwi. Majaribio ya dawa yana kanuni zake yenyewe, ambapo mwakilishi wa kisheria ndiye anayetoa ridhaa. Na katika sheria hii ya 2005, maslahi ya mshiriki hutangulia yale ya sayansi na ya jamii.

Kipengele ninachokipenda kuliko vyote kinawahusu wahudumu, na wapo Wakenya na Watanzania wanaofanya kazi hiyo huko. Mshiriki asiyeweza kuamua akionyesha dalili yoyote ya kukataa, hata bila neno, asifanyiwe jambo hilo, isipokuwa liwe ni la kumkinga na madhara au kumpunguzia maumivu. Lakini dalili hiyo nani anaijua? Mtafiti aliyekuja kwa saa moja anamwona bibi amegeuza uso ukutani, akadhani ana usingizi. Dada anayemwogesha kila asubuhi anajua kwamba bibi akigeuka hivyo na kushika ukingo wa shuka, amekataa. Akilisema hilo, sindano ya kutolea damu inarudishwa kwenye boksi, na bibi anafunikwa miguu.