Kibati cha kinga na panchi: zana ndogo zinazookoa sakafu ya mbao

MAFUNDI wengi wa useremala hupoteza malipo kwa kosa la sekunde moja, yaani pigo la mwisho la nyundo. Msumari umeshaingia, kichwa kimebaki milimita chache juu ya ubao, fundi anaongeza nguvu kidogo ili amalize, nyundo inateleza na kuacha alama ya nusu mwezi kwenye mbao mpya. Kwenye kenchi ya paa hakuna atakayeiona. Kwenye sakafu ya sebule iliyopigwa vanishi, mwanga wa dirishani unapopita chini chini wakati wa jioni, kila bonyeo huonekana kama limechorwa kwa kalamu.

Mwenye nyumba anayelipia sakafu ya mninga, mkongo au mtiki hulipia sura. Angetaka uimara peke yake angemwaga saruji. Ndiyo maana ubishi kati ya fundi na mteja siku ya makabidhiano mara nyingi hauhusu kama ubao umekaa sawa, bali alama zilizobaki. Kiasi kinachokatwa kwenye malipo huweza kuzidi kwa mbali thamani ya vifaa viwili ambavyo vingezuia tatizo: kibati cha kinga kinachowekwa kuzunguka msumari, na panchi ya kuzamishia kichwa chake.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua chumba cha mita 4 kwa 4 kinachowekwa mbao zenye upana wa sentimita 8. Hapo kuna mistari 50 ya mbao. Msumari ukipigwa kila baada ya sentimita 25, kila mstari unachukua misumari 17, na chumba kizima misumari 850. Kwa mapigo manne tu kwa kila msumari, fundi atainua nyundo mara 3,400. Hata akiwa hodari wa kukosea mara moja katika kila mapigo 100, atamwachia mteja alama 34 katika chumba kimoja.

Si mbao zote zinaumia sawa. Mwaka 1906 mtaalamu wa mbao wa Austria, Gabriel Janka, alibuni kipimo ambacho bado kinatumika duniani kote. Kigololo cha chuma chenye kipenyo cha milimita 11.28 hukandamizwa kwenye ubao mpaka nusu yake izame, kisha nguvu iliyotumika husomwa. Paini nyeupe ya Marekani ya Kaskazini huzama kwa nguvu ya takriban nyutoni 1,700. Mtiki huhitaji kama 4,700. Mpingo, mti ambao wachongaji wa Kimakonde wanaujua vizuri, hupita 16,000. Kwa hiyo pigo ambalo kwenye mpingo lingeirudisha nyundo juu, kwenye paini linachimba shimo.

Lakini ugumu nao una hila yake. Muhuhu, ambao kwa miaka mingi umetumika kwa vibao vya parketi vya sakafu zenye kukanyagwa sana, ni mgumu kiasi kwamba msumari hupinda kabla haujafika nusu. Msumari uliopinda ndio chanzo kikubwa cha nyundo kuteleza. Dawa yake ni kutoboa kwanza, tundu likiwa na unene wa kama robo tatu ya msumari. Mafundi wa majahazi wa pwani hawajawahi kuhitaji kuambiwa hilo. Keekee hutangulia na msumari hufuata. Seremala wa nchi kavu mwenye haraka ndiye anayeruka hatua hiyo, halafu anamlaumu muuza misumari.

Sakafu nyingi za mbao za siku hizi huwekwa kwa mbao zenye ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili. Msumari hupigwa kwenye ulimi kwa mshazari wa nyuzi kama 45, na ubao unaofuata huuficha kabisa. Ni njia safi, ila hapo ndipo nyundo hukaribia mno kingo ya juu ya ubao, mahali ambapo jeraha haliwezi kufichwa. Na hata kwa njia hiyo, mistari ya kwanza na ya mwisho karibu na ukuta, pamoja na matengenezo ya baadaye, hulazimu kupigwa misumari kwa juu.

Kibati cha kinga ni zana rahisi mno. Ni kipande bapa cha chuma chembamba au plastiki ngumu, ukubwa wa kiganja, chenye mkato wazi upande mmoja unaofanana na herufi U. Msumari hushikishwa kwa mapigo mawili mepesi, kisha kibati husukumwa mpaka mkato uuzunguke. Kuanzia hapo nyundo ikikosea hupiga kibati, na nguvu ambayo ingekusanyika kwenye ukingo wa nyundo husambaa kwenye eneo kubwa zaidi. Mbao haipati jeraha, au hupata dogo lisiloonekana.

Kuna mambo matatu ambayo kibati kibaya hukosea. Mkato ukiwa mwembamba kuliko kichwa cha msumari, kibati hubanwa chini yake na kukitoa ni kazi nyingine. Kingo zisipopigwa tupa, kibati chenyewe huchora mistari kwenye vanishi. Na upande wa chini ukiachwa chuma kitupu, punje ya mchanga iliyonaswa hapo hukwaruza kuliko nyundo. Kipande cha mpira wa ndani wa tairi kilichobandikwa kwa gundi hutosha kuondoa tatizo hilo la mwisho, na hupatikana kwa fundi baiskeli yeyote.

Kibati peke yake hakimalizi kazi. Kinakomea pale kichwa cha msumari kinapolingana na unene wake, pengine milimita 2 juu ya ubao. Hapo inaingia panchi: kijiti cha chuma kigumu chenye urefu wa sentimita 10 hadi 12, kinachochongoka kuelekea chini na kuishia kwenye ncha bapa yenye kishimo kidogo katikati. Kishimo hicho ndicho kinachoshika kichwa cha msumari kisiteleze. Ncha huuzwa kwa saizi, nyingi zikiwa kati ya milimita 0.8 na 2.4, na inayofaa ni ile iliyo ndogo kidogo kuliko kichwa cha msumari. Kubwa mno hupanua tundu, ndogo mno hutoboa kichwa au kuruka pembeni.

Kwa misumari ya juu, kichwa huzamishwa milimita 2 hivi chini ya uso wa ubao, tundu hujazwa puti iliyochanganywa na unga wa mbao ile ile, kisha hupigwa msasa. Kwa msumari wa ulimi, kichwa kisipozama vya kutosha, ubao unaofuata hautakaa na mteja ataona ufa. Fundi mwingine hapo huubamiza ubao kwa nyundo ili ukubali kuingia, na hivyo kuongeza jeraha la pili juu ya kosa la kwanza.

Mafundi wengi hutumia msumari wa inchi 4 au 5 uliosagwa ncha badala ya panchi. Kwa siku moja unafaa. Tatizo ni kwamba chuma cha msumari ni laini. Ncha hutandazika baada ya mapigo machache na kuanza kuteleza. Wengine huchonga panchi kutoka kwenye tupa iliyochakaa, na hapo kuna hatari kubwa zaidi, kwa kuwa tupa ni ngumu lakini huvunjika kama kioo, na kipande chake kikiruka jichoni hakuna sakafu inayolingana na hasara hiyo. Panchi ya kununua nayo ikitumika muda mrefu kichwa chake huchanua kama uyoga. Kipigwe tupa mara kinapoanza kuchanua.

Hata hivyo, panchi nzuri inaweza kutengenezwa hapa hapa nchini, na hili ni jambo ambalo karakana ndogo za chuma zingeweza kulitazama kibiashara. Malighafi ni springi za magari zilizotupwa. Chuma huchongwa umbo kikiwa laini, kisha ncha peke yake hupashwa moto mpaka iwe nyekundu na kuzamishwa kwenye mafuta. Inasuguliwa ing'ae, halafu hupashwa tena taratibu mpaka rangi ya kahawia inayoelekea zambarau itokee, ndipo inapoozwa. Kichwa kinachopigwa na nyundo kiachwe laini. Kwa fundi chuma anayejua kuikaza patasi, panchi si kazi ngeni, na wateja wako jirani: eneo kama Keko jijini Dar es Salaam lina maseremala wengi wanaofanya kazi mita chache mmoja kutoka kwa mwingine.

Nyundo nayo ina lake. Nyundo yenye uso wa miraba miraba, inayopendwa kwenye kazi za paa kwa kuwa haitelezi, isikaribie sakafu kabisa. Inayofaa ni yenye uso laini uliobinuka kidogo, uzito wa kama gramu 450. Wajapani wamelitatua hili kwa namna yao: nyundo yao iitwayo genno ina nyuso mbili, mmoja bapa wa kupigia msumari na mwingine uliobinuka kwa ajili ya mapigo ya mwisho, ili ukingo wa nyundo usiguse ubao.

Na kama bonyeo limeshatokea? Kwenye ubao ambao haujapakwa vanishi, bado kuna nafasi. Nyuzi za mbao zilizokandamizwa bila kukatika huweza kuvimba tena. Kitambaa safi chenye unyevu huwekwa juu ya bonyeo, pasi ya moto hupitishwa kwa sekunde chache, na mvuke huinua ubao. Hurudiwa mara mbili au tatu, ubao huachwa ukauke vizuri, ndipo msasa unapita. Nyuzi zikiwa zimekatika, kama ukingo wa nyundo unavyofanya mara nyingi, pasi haisaidii kitu. Na kwa mbao zinazotoka kiwandani zikiwa na vanishi tayari, mvuke haupenyi; hapo ni kubadilisha ubao au kuelewana na mteja.

Kusaga sakafu nzima ili kufuta mabonyeo machache ni njia ghali. Ubao wa unene wa milimita 19 huwa na takriban milimita 6 tu juu ya ulimi, na hizo ndizo zote zinazoweza kusagwa katika maisha ya sakafu hiyo. Kuondoa bonyeo la milimita 2 ni kula theluthi ya akiba hiyo kabla mwenye nyumba hajahamia. Mkulima aliyepanda mtiki huo alisubiri zaidi ya miaka 20 kuuvuna, na mninga wa misitu ya Tabora huchukua muda mrefu zaidi.