Kuvunjika kifundo cha mkono: Jeraha linalodhaniwa ni kuteguka

KATA ya Ilomba jijini Mbeya imepitiwa na barabara kuu iendayo Zambia, ambako pikipiki za abiria, maarufu kama bodaboda, hupishana na malori na watembea kwa miguu kutwa nzima. Unapofika msimu wa mvua, vichochoro vya udongo navyo huwa na utelezi. Katika mazingira hayo, yanayofanana na ya miji mingine ya Nyanda za Juu Kusini, ni jambo la kawaida mtu kuanguka, kujikinga kwa kiganja na kujikuta kifundo cha mkono kimevimba.

Wengi husema wameteguka. Mkono huchuliwa kwa maji ya moto na mafuta, siku zikapita, kumbe mfupa umevunjika. Imani kwamba mkono unaoweza kuchezesha vidole haujavunjika si sahihi, kwani mtu anaweza kukunja na kukunjua vidole hali mfupa una ufa.

Kifundo cha mkono ni kiungo kinachounganisha kiganja na mkono. Hukutanisha mifupa miwili mirefu inayotoka kwenye kiwiko na vifupa vidogo vinane vilivyopangwa katika safu mbili. Mtu anapoangukia kiganja, uzito wa mwili hupita hapo, na mara nyingi mfupa mrefu wa upande wa kidole gumba ndio unaovunjika, karibu na mwisho wake.

Aina hiyo ya mvunjiko ilielezwa mwaka 1814 na daktari wa upasuaji wa Ireland, Abraham Colles, na hadi leo hujulikana kwa jina lake. Aliitambua kwa umbo la mkono, kwa kuwa eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, yaani miaka 81 baadaye. Sehemu iliyovunjika husukumwa nyuma na kuufanya mkono, ukitazamwa kwa upande, upinde kama mgongo wa uma wa kulia chakula.

Hata hivyo, si kila mvunjiko hupindisha mkono, na hapo ndipo ilipo hatari.

Kifupa kinachodanganya

Miongoni mwa vifupa vinane kipo kimoja, chini ya kidole gumba, kiitwacho skafoidi. Kikivunjika, uvimbe unaweza kuwa mdogo na hata picha ya kwanza ya eksirei isionyeshe kitu. Dalili yake kuu ni maumivu yanapobonyezwa katika kishimo kinachojitokeza kwenye shina la kidole gumba kinapoinuliwa.

Damu huingia katika kifupa hicho zaidi kupitia ncha iliyo upande wa vidole. Kikikatika katikati, kipande cha upande wa pili kinaweza kukosa damu na kufa, na miaka kadhaa baadaye mhusika akapata maumivu ya kudumu na udhaifu wa mkono. Kwa dereva, fundi, mama lishe au mkulima, hilo ni suala la riziki. Ndiyo sababu daktari anaposhuku jeraha hilo huufunga mkono hata kama picha haikuonyesha kitu, kisha humtaka mgonjwa arudi kwa picha nyingine baada ya siku 10 hadi 14. Kutorudi ni kosa kubwa.

Huduma ya kwanza

Pete, bangili na saa zivuliwe mapema kabla vidole havijavimba. Mkono uegemezwe juu ya ubao au gazeti lililokunjwa, ufungwe bila kukazwa na kuning'inizwa shingoni kwa khanga. Usivutwe, usinyooshwe wala kuchuliwa. Kama kuna kidonda, kifunikwe kwa kitambaa safi na majeruhi afikishwe hospitali haraka, kwa kuwa vijidudu huweza kuingia kwenye mfupa.

Hospitalini, mfupa uliohama hurudishwa mahali pake chini ya dawa ya ganzi au ya usingizi, kisha mkono hufungwa plasta ngumu, ambayo mitaani huitwa hogo. Kwa mtu mzima plasta hukaa takribani wiki sita. Skafoidi huhitaji wiki nane hadi 12, na pengine zaidi. Watoto hupona mapema. Mvunjiko uliosagika au uliogusa kiungo huweza kuhitaji upasuaji wa kuweka nyaya, au bamba la chuma na skrubu. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya ndiyo hupokea rufaa za ukanda huo.

Wapo wanaokwenda kwa waganga wa jadi wanaounga mifupa kwa vijiti na kamba. Hatari yake ni kukaza mno. Uvimbe ukiongezeka ndani ya kifungo kisichopanuka, damu hushindwa kupita, misuli hufa na mkono unaweza kukatwa. Hatari hiyo ipo hata kwa plasta ya hospitali. Kwa hiyo, vidole vikiwa baridi, vikipauka au kuwa na rangi ya bluu, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi kila saa, mgonjwa arudi hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

Baada ya plasta

Plasta haitakiwi kulowa, wala kuingizwa kijiti kwa ajili ya kujikuna. Vidole, kiwiko na bega vichezeshwe kila siku ili visikakamae, na mkono uinuliwe juu ya usawa wa moyo katika siku za mwanzo. Plasta ikishatolewa, kifundo huwa kigumu na misuli hunywea. Mazoezi ya viungo ndiyo hurejesha nguvu, na kazi hiyo huchukua miezi kadhaa. Uvutaji wa sigara huchelewesha mfupa kuunga.

Kwa wanawake waliokoma hedhi, kuvunjika kifundo kwa kuanguka tu ukiwa umesimama huweza kuwa ishara kwamba mifupa imepungua uimara. Ni vyema wakamweleza daktari, kwani mfupa unaofuata kuvunjika unaweza kuwa wa nyonga, ambao madhara yake ni makubwa zaidi.

Kwa ufupi, kifundo kilichovimba baada ya kuanguka kihesabiwe kuwa kimevunjika hadi hapo daktari atakapothibitisha vinginevyo.