Milimita moja inavyoweza kupasua bunduki ya mwindaji

MAPORI ya akiba ya Ibanda na Rumanyika, katika Wilaya za Kyerwa na Karagwe mkoani Kagera, yalipandishwa hadhi mwaka 2019 kuwa Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Tangu hapo uwindaji ndani yake ni marufuku. Hata hivyo, raia mwenye leseni bado anaweza kumiliki bunduki, hivyo usalama wa risasi unabaki kuwa jambo la kuzingatiwa.

Gobore hushindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu, kwa kukadiria tu. Risasi ya raifo hutengenezwa kwa vipimo. Ina sehemu nne: ganda la shaba ya manjano, fataki, baruti na kichwa kinachoruka. Katika nchi kama Marekani, wawindaji huokota maganda yaliyotumika na kuyajaza upya. Hapo ndipo vipimo viwili huamua usalama wao.

Cha kwanza ni urefu wa shingo ya ganda. Kila risasi inapofyatuliwa, joto na msukumo huivuta shaba mbele, na shingo hurefuka kidogo kidogo. Ganda la .375 H&H, risasi ya Uingereza ya mwaka 1912 inayofahamika sana kwa wawindaji wa Afrika, halitakiwi kuzidi milimita 72.4. Likizidi, mdomo wake hubanwa na ukuta wa chemba na kukikaba kichwa. Kichwa kikichelewa kutoka, mgandamizo wa gesi hupanda ghafla.

Cha pili ni kina cha kichwa ndani ya ganda. Kikizamishwa mno, nafasi ya baruti hupungua na mgandamizo huongezeka. Kikiachwa nje mno hadi kugusa mifereji ya mtutu, huanza safari kikiwa kimekwama, na matokeo huwa yale yale.

Mgandamizo wa kawaida katika raifo ya kisasa huzidi mara 3,000 ya ule wa hewa tunayovuta. Ukivuka kiwango, ganda huweza kupasuka na gesi kurudi usoni kwa mpigaji.

Ndiyo maana risasi isiyojulikana ilikotoka si nafuu hata ikiuzwa kwa bei ya chini. Nchini, umiliki na utengenezaji wa risasi unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Anayeokota risasi porini au shambani asiijaribu wala kuifungua, bali atoe taarifa polisi.