Duka halilali, mwenye duka je?

Leo tumependa tuzungumze habari ya fundi mmoja wa cherehani. Ametupa idhini ya kuisimulia, ila jina lake tunalisitiri.

Fundi huyu hushona kanzu na mabuibui katika chumba cha kupanga Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Sikukuu. Tulimjua tangu udogo wake, alipokuwa mwanafunzi wetu wa madrasa. Alikuwa na mkono mwepesi. Kila ukurasa wa daftari lake ulizungukwa na majani na maua, na zaidi ya mara moja tulimkemea kwa hilo. Maua yale ndiyo yaliyokuja kumlisha. Alipokuwa fundi kamili, darizi zake za shingo ya kanzu zilimtofautisha na wenzake, na bwana harusi aliyetaka vazi lisilofanana na la mtu mwingine alielekezwa kwake.

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha alitungoja mlangoni mwa msikiti. "Sheikh," alisema, "nimeishiwa." Tulidhani ni fedha, tukatia mkono mfukoni. Akatikisa kichwa. "Si fedha, Sheikh. Fedha naipata. Kichwani hamna kitu. Mama watoto ndiye aliyenituma nije."

Tukaketi naye barazani, akaeleza. Huamka saa kumi alfajiri kwake Mbagala ili aiwahi njia kabla ya foleni. Hufungua chumba saa kumi na mbili unusu, hufunga saa tatu usiku, siku sita kwa wiki. Watoto huwaacha wamelala na huwakuta wamelala. Mwaka wa pili huu hajabuni darizi mpya hata moja. Hunakili picha ambazo wateja humletea kwenye simu. Usiku wa mwezi 27 wa Ramadhani, watu wakiwa misikitini, yeye alikuwa juu ya cherehani akimalizia nguo za Idi. Na wiki ile aliyotujia alikuwa amekiharibu kitambaa cha harusi cha watu: alikata mikono miwili yote ya upande mmoja. Fundi wa miaka 20!

Kilichomsumbua zaidi lilikuwa swali. Mwenzake wanayechangia kodi ya chumba alitaka sasa wafanye kazi na usiku. Je, akikataa, si uvivu huo? Je, si kuikimbia riziki ya halali ambayo Mwenyezi Mungu ameileta mlangoni?

Swali hili si la mtu mmoja. Wasomaji wanajua kwamba Februari 2025 ulizinduliwa mpango wa kufanya biashara Kariakoo kwa saa 24. Sisi hatuupingi. Wapo wanunuzi wanaotoka Kongo, Zambia na Malawi ambao wakifika usiku hawana sababu ya kungoja jua, na mtaa wenye taa na watu una usalama kuliko mtaa wenye giza. Soko laweza kukaa macho usiku na mchana kwa kuwa soko si mtu. Watu hupokezana humo. Shaka yetu ni pale duka la saa 24 linapokuwa na mwili mmoja tu wa kulihudumia. Na ni ajabu kwamba jina lenyewe la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, watu waliobebeshwa mizigo kupita kiasi, na wengi wao hawakurudi makwao.

Tuangalie hesabu. Fundi wetu hufanya kazi zaidi ya saa 80 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu mwajiri kumtumikisha mwajiriwa saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 9 kwa siku, na inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Lakini aliyejiajiri hana wa kumshitaki. Yeye ndiye mwajiri na yeye ndiye mwajiriwa, na mwajiri huyo ni mkali. Tulimwuliza: na vijana wako wawili wanaokusaidia, wao hutoka saa ngapi? Hapo alinyamaza.

Wataalamu nao wamesema. Shirika la Afya Duniani (WHO) pamoja na Shirika la Kazi Duniani (ILO) walitoa makadirio mwaka 2021 kwamba watu wapatao 745,000 walifariki mwaka 2016 kwa kiharusi na maradhi ya moyo yaliyohusiana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Hatari ya kupatwa na kiharusi kwa watu hao huzidi kwa asilimia 35 ile ya mwenye kufanya kazi saa 35 hadi 40. Aidha, orodha ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022 inautaja uchovu wa kazi uliopitiliza. Haiuiti ugonjwa, bali hali itokanayo na kazi, nayo ina alama tatu: nguvu kukauka, moyo kujitenga na kazi, na ufanisi kupungua. Fundi wetu alikuwa nazo zote tatu, na hakuwa amesoma popote.

Ila ipo hasara moja ambayo takwimu haziioni, nayo ndiyo iliyotushughulisha. Fundi anayenakili picha za simu hushona kile wanachoshona mafundi 20 wa mtaa ule ule, kwa maana wote wameletewa picha ile ile. Nguo zikifanana, mteja hana la kuchagua isipokuwa bei. Bei ikishuka, fundi hulazimika kushona nguo nyingi zaidi ili apate kile alichokipata zamani kwa nguo chache. Nguo zikiwa nyingi, saa huongezeka. Saa zikiongezeka, akili huchoka. Akili ikichoka, hunakili zaidi. Huo ndio mduara aliozama ndani yake, naye akadhani dawa yake ni kuongeza usiku.

Hapa tumkumbuke mwanachuoni wa Basra, Al-Khalil bin Ahmad Al-Farahidi, aliyeishi karne ya 2 Hijria, mtu mwenye asili ya kabila la Azd la Oman. Yeye ndiye mwalimu wa Sibawayhi, na ndiye aliyeasisi elimu ya arudhi, yaani kanuni za mizani ya mashairi, neno ambalo watunzi wetu wa pwani wanalitumia hadi leo. Husimuliwa kwamba siku moja alikuwa akipita katika soko la wafua shaba, akasikia nyundo zikigonga vyombo: pigo zito, pigo jepesi, mawili ya haraka, moja la kuchelewa. Akasimama. Katika makelele yale alisikia mpangilio, na kutokana nao akaanza kuzipima bahari za mashairi ya Kiarabu.

Tulimwomba fundi wetu aitafakari habari hiyo. Wafua shaba walizisikia nyundo zile kila siku ya maisha yao, kama mafundi chuma wa Gerezani wanavyozisikia zao. Masikio yao hayakuwa na kasoro, na hatuwadharau. Lakini aliyeusikia mpangilio ni yule aliyekuwa akipita taratibu, mikono mitupu, moyo wake una nafasi. (Ni kweli pia husimuliwa kwamba Al-Khalil alikufa kwa kujigonga kwenye nguzo ya msikiti, amezama katika hesabu. Basi hata kufikiri kuna kiasi chake.)

Wengine watatutajia Imamu Ghazali, aliyekuwa akiwafundisha wanafunzi 300 katika chuo cha Nidhamiya, Baghdad, hata mwaka 1095 ulimi wake ukafungika darasani na chakula kikakataa kupita. Aliiacha kazi ile tukufu akaenda Damascus, na miaka ya kujitenga ndiyo iliyotupa Ihyaa. Mfano huu tunautumia kwa tahadhari. Yeye mwenyewe alieleza kwamba maradhi yake yalikuwa ya nia, siyo ya wingi wa vipindi. Tena mtu mwenye kodi ya chumba na mkopo wa kikundi hawezi kwenda Damascus. Anayehubiri mapumziko kwa mbeba mizigo wa Mtaa wa Kongo bila kumwuliza jioni atakula nini hajamsaidia kitu.

Kinachomfaa mtu wa Kariakoo kiko karibu zaidi. Salman (R.A.) alipomtembelea ndugu yake Abu Dardaa (R.A.) alimkuta mkewe amejiachilia, kwa kuwa mumewe alikuwa akifunga mchana na kusali usiku kucha. Salman akamfunguza, akamlaza, akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alimsadikisha Salman. Ikiwa ibada yenyewe ilikatwa ili mtu alale na mke apate haki yake, cherehani ina hoja gani?

Na usingizi wa mchana, qailula, ulikuwa ada ya Masahaba. Sahl bin Saad (R.A.) amepokea kwamba siku ya Ijumaa waliuchelewesha pamoja na chakula mpaka baada ya sala. Suratun Nur nayo inautaja wakati wa adhuhuri kuwa ni wakati ambao watu huvua nguo zao wapumzike, kiasi kwamba watoto wa nyumbani waombe ruhusa kabla ya kuingia. Suratul Jumua inamtaka Muumini aache biashara anaponadiwa, kisha sala ikiisha atawanyike akatafute riziki. Hakuamrishwa kuacha kazi siku nzima, ila aikate katikati, palepale penye faida. Wangapi kati yetu husali Ijumaa pale Mtoro, Idrisa au Manyema huku simu ikitetemeka mfukoni mteja anauliza bei?

Tusijitoe. Miaka kadhaa nyuma tulikubali kufundisha madrasa tatu na darsa za jioni mbili, kwa kuona haya kusema hapana. Mwezi wa nne tulisimama mbele ya watu na darsa tuliyokuwa tumekwisha kuitoa wiki iliyopita, neno kwa neno, hata mzee mmoja wa safu ya mbele akatukumbusha kwa upole. Tuliacha mbili.

Basi hatukumpa fundi fatwa. Tulikaa naye na karatasi, tukaandika anachopata na anachotoa. Ikaonekana nguo za bei ya chini kabisa, zinazomla saa nyingi, ndizo zinazomletea kidogo. Akakubaliana na mwenzake kwamba usiku chumba kitumiwe na fundi mwingine, naye achangie kodi. Yeye hufunga kazi Magharibi. Baada ya Adhuhuri hujilaza nusu saa juu ya majora ya vitambaa, na majirani walimcheka wiki ya kwanza. Vijana wake wana zamu.

Mwezi wa kwanza mapato yalipungua, na hatutaficha hilo. Mkewe alipunguza matumizi ya nyumbani bila kulalamika. Mwezi wa pili yalirudi karibu na pale yalipokuwa. Ijumaa iliyopita, akitoka msikitini kwa miguu badala ya kupanda bajaji, alisimama mbele ya mlango mmoja wa zamani uliosalia baina ya maghorofa, akautazama nakshi zake mpaka mwenye nyumba akatoka kumwuliza anatafuta nani. Alituonesha alichokichora nyuma ya risiti: jani moja linalojikunja kuzunguka tundu la kifungo. Bado halijawa kanzu. Anasema pembe moja haijamkalia vizuri, na ameiweka risiti ndani ya msahafu wake mpaka atakapoiona tena.